Supu ya Zipora na swichi ya mwenye nyumba

Saa kumi na mbili asubuhi, Ihumwa. Zipora, au Mama Anna kama wanavyomwita wote wanaokula kwake, anachana mfuko kwa kisu na kudondosha tofali la supu iliyoganda ndani ya sufuria. Ni supu ya njegere kavu. Anaongeza kikombe cha maji ya moto, anapunguza gesi, kisha anakoroga kutoka chini taratibu, maana njegere hushika sufuria haraka kuliko uji.

Supu inachemka. Benchi mbili za wateja ziko tupu.

"Mwezi uliopita saa hizi ungekula umesimama," anamwambia mwandishi wa makala haya bila kuinua macho. "Mafundi walikuwa wamejaa hapa, wengine wamekalia ndoo."

Anaonja, anatia chumvi. Uso umekunjamana tangu salamu, na hajitahidi kuukunjua. Ana hasira, na baada ya kumsikiliza, mwandishi naye alishindwa kubaki bila hasira.

Njegere zinatoka Kibakwe, kwenye shamba la mama yake, Bibi Loisi. Bibi huzikausha, huzipaaza kwenye jiwe la kusagia mpaka zipasuke katikati, kisha hupeta maganda kwa ungo. Gunia hushuka Mpwapwa kwa bodaboda na kupanda basi hadi Ihumwa.

Zipora hupika Jumamosi tu, chungu kikubwa, kwa kuni. Njegere kavu hazina haraka, na kuzichemsha kila alfajiri kwa gesi kungemmaliza mtaji. Supu ikipoa anaifunga kwenye vifuko na kuvilaza juu ya sinia ndani ya friza, vigande bapa. Vikishakuwa vigumu, anavisimamisha kwenye kikapu cha waya cha friza hilohilo, kimoja kando ya kingine.

"Hapo ndipo mwizi wangu alipoacha alama," anasema.

Jumapili moja ya Novemba, kwaya yao ilialikwa Mpwapwa. Zipora aliondoka alfajiri akarudi jioni, amechoka lakini na furaha. Friza lilikuwa linanguruma kama kawaida. Jumatatu akachukua vifuko vya katikati, vigumu kama jiwe, akapasha, akauza. Tangawizi na pilipili manga hazikumruhusu yeye wala mlaji kusikia uchachu.

Mchana mafundi wakaanza kushika matumbo. Yahaya, fundi wa kuchomelea aliyetokea Kondoa, mteja wake wa kwanza kabisa, alilazwa zahanati siku mbili akiwa ametundikiwa maji. Kufikia jioni mtaa mzima ulikuwa na habari moja: supu ya Mama Anna ni sumu.

Kesho yake akatoa vifuko vya pembeni, vinavyogusana na waya. Kila kimoja kilikuwa na mistari ya waya, mirefu, imezama ubavuni. Kifuko kilichogandia kwenye sinia hakina mistari. Kukipata na mistari maana yake kiliyeyuka, kikalegea, kikaegemea waya, kikaganda upya.

"Nilitoka na kifuko mkononi," anasema. "Nikamuuliza Paulina, jirani yangu wa chumba cha pili. Akaniambia, 'Mama Anna, umeme wa upande wetu ulizimwa ulipotoka tu. Nikadhani umekatika mtaa mzima, ila TV kwa mwenye nyumba ilikuwa inasikika.'"

Swichi za vyumba vyote ziko sebuleni kwa mwenye nyumba, Mzee Zablon. Mita ni moja, na Zipora, kwa sababu ya friza, ndiye anayechangia zaidi ya nusu ya pesa za umeme wa LUKU.

Mzee Zablon hakukataa alipoulizwa na mwandishi mlangoni kwake. "Yuniti zilibaki chache na nilikuwa na wageni, wanataka kuangalia mpira," alisema. "Nilizima kidogo tu, asubuhi mpaka jioni. Nilipowasha, si vikaganda tena? Kitu kikishaganda kimeganda."

Kidogo tu. Asubuhi mpaka jioni, chini ya bati, kwa jua la Novemba la Dodoma, mzee anaita kidogo. Na mpira, kwa taarifa ya msomaji, uliisha sare.

Zipora alimwaga friza zima shimoni, supu ya wiki nzima, huku majirani wakitazama. Badala ya kumwonea huruma, wengine wakasema, mnaona, anaficha ushahidi. Alikuwa akiuza bakuli sitini kwa asubuhi, kila moja shilingi elfu moja. Sasa hazifiki kumi.

Mwenye nyumba alituma pole ya fedha kupitia mkewe, Gladness. Zipora hakuihesabu.

"Nilimwambia, mama, sina ugomvi na wewe, mrudishie. Mimi sidai njegere. Nataka aje hapa kwenye benchi aseme mbele ya mafundi kwamba ndiye aliyezima. Mzee akarudisha jibu kwamba hayo ni mambo ya ndani ya nyumba. Tumbo la Yahaya lilikuwa la ndani ya nyumba?"

Yahaya amepona, lakini anapita upande wa pili wa barabara. "Mama Anna simchukii," anasema. "Ila tumbo langu bado linamwogopa."

Shikamoo Zipora anampa mwenye nyumba kila asubuhi, kwa sababu ndivyo alivyolelewa. "Watu wananiambia mwenye nguvu mpishe," anasema. "Nimekuwa nikipisha tangu nizaliwe."

Chumba kingine ameshapata, kwa Mama Hamida, karibu na reli, chenye mita yake mwenyewe. Mpango wake ni kufungua mgahawa hapo, supu asubuhi na ugali mchana. Kodi ameshalipa. Kwa nini basi hajahama?

"Nikihama leo watasema Mama Anna ameikimbia supu yake," anajibu. "Nitatoka hapa akishasema. Asiposema, nitapika hapahapa mlangoni kwake, na kila anayepita nitamweleza mwenyewe."

Fundi mmoja anapita na ndoo ya saruji, anageuza uso pembeni. Zipora anaacha mwiko ndani ya sufuria na kumfuata mpaka barabarani.

"Kaka yangu, simama. Supu usile, sawa. Nisikilize tu."