Kofi la Kila Alhamisi

Pale kwenye kituo cha televisheni kila mtu alimwita Shangazi, hata waliomzidi umri. Kwa miaka mingi ndiye aliyeandika kichekesho cha Alhamisi, na mhusika aliyempenda kuliko wote alikuwa msichana wa kazi mwenye ulimi mkali, aliyemjibu bosi wake mpaka bosi akakosa pa kuweka uso.

Siku moja, wakati wa kurekodi, mwigizaji aliyecheza bosi alisahau maneno. Kwa kukosa la kusema, akamzaba msichana kofi. Watazamaji ukumbini wakavunjika mbavu. Kesho yake mkuu wa vipindi akamwita Shangazi ofisini.

"Lile kofi limependwa sana. Liwekwe kila wiki."

"Nani kakwambia kofi ni kichekesho?"

"Watu si wamecheka? Kazi yako nini kama si kuchekesha?"

Damu ikamchemka Shangazi. Dada yake mkubwa ndiye aliyemsomesha, kwa kufua na kupika kwenye nyumba za watu. Sikio la kushoto la dada halisikii tangu bosi mmoja alipomzaba kofi kwa sababu ya chai iliyopoa. Majibu yote makali ya kwenye televisheni yalikuwa ya dada huyo: aliyameza kwa mabosi, akaja kuyatema nyumbani huku akicheka.

Shangazi hakuandika kofi hata moja. Lakini Alhamisi, wakiwa sebuleni yeye na dada yake, wakaliona. Watu wa kituo walikuwa wameliingiza wenyewe, na mwishoni jina la Shangazi likapita vilevile kama mwandishi.

Dada akazima televisheni. "Hili nalo umeandika wewe?"

"Hapana, dada. Haki ya Mungu."

"Sasa jina lako linafanya nini pale?"

Asubuhi Shangazi aliingia studio bila hodi, akasimama katikati ya kamera. "Futeni jina langu. Leo hii!"

Mkuu wa vipindi akacheka, akidhani mzaha.

"Cheka tu. Umezoea kucheka mtu akiumizwa."

Mwigizaji aliyecheza msichana wa kazi akavua aproni. "Na mimi shavu langu si ngoma," akasema, wakatoka pamoja.

Kipindi hakikufa. Alitafutwa msichana mwingine, makofi yakaendelea, na hilo linamchoma Shangazi mpaka leo, ingawa sasa anaandika michezo ya redio. Juzi aliwakuta watoto uchochoroni wakiigiza kile kipindi. Aliyejifanya bosi alipoinua mkono, Shangazi akaudaka hewani.

"Mwache mwenzio ajibu kwanza!"

Yule aliyejifanya msichana wa kazi akabaki kumtazama. Kwenye kipindi cha siku hizi msichana wa kazi hapewi maneno.