Saini Mia Tano za Mheshimiwa

Watu wetu wa huku Texas wana mambo mawili wanayoyajua kuliko watu wote duniani: kuzika na kuozesha. Akifariki mtu Alief, kule Houston, asubuhi, adhuhuri haijaingia kamati ishaundwa: mwenyekiti, katibu, mweka hazina, na kundi la simu lenye picha ya marehemu akitabasamu. Kwenye harusi huongezwa kamati ndogo ya sare, na hiyo ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Kwa hiyo mwenzetu alipotangaza kwamba anagombea kiti katika Bunge la Texas, tulifanya kile tunachokijua. Tulimwozesha.

Mgombea mwenyewe ni dereva wa foklifti, kigari cha kunyanyulia mizigo, kwenye ghala moja la Grand Prairie. Ni Mrundi, Mkatoliki, aliyekulia kambini Tanzania, na Kiswahili chake ni cha Kigoma, taratibu na chenye adabu. Nilimfahamu darasani. Siku za kazi mimi huwaogesha na kuwalisha wagonjwa kwenye nyumba ya wazee, na Jumamosi nafundisha darasa la uraia, ndiyo maana kila mtu huniita Mwalimu. Alikuwa mwanafunzi wa kukaa mbele, wa kuuliza maswali mpaka wenzake wanaguna.

Kiangazi kimoja mwenzake wa kazi, kijana wa Kimeksiko, alianguka kwa joto katikati ya rafu. Wakubwa wa ghala walichukua hatua kali: waligawa karatasi inayoeleza umuhimu wa kunywa maji. Muda wa kuyanywa hawakuugawa.

Jumamosi iliyofuata mwanafunzi wangu huyo, ambaye uraia alikuwa ameshaupata lakini darasa hakuliacha, alibaki wenzake walipotoka.

"Mwalimu, sheria ya mapumziko inatungwa wapi?"

"Austin, bungeni."

"Na wanaokwenda Austin, wanachaguliwa kwa kazi gani?"

"Kazi yoyote. Ni raia mwenye umri unaotakiwa, aliyekaa eneo lake muda unaotakiwa."

Akafikiri. "Basi mimi naenda."

Nikacheka. Kicheko hicho ningependa kukirudisha.

Hapa inabidi nieleze kidogo, na msomaji asiogope, ni jambo jepesi. Jina lako likubaliwe kwenye karatasi ya kura ya mchujo ya chama, sheria inakupa milango miwili. Wa kwanza, unalipa ada. Wa pili, unaleta saini za watu mia tano waliomo kwenye daftari la wapiga kura, nao wawe wanakaa ndani ya eneo lako la uchaguzi. Huwezi kukopa saini ya jirani wa eneo la pili, hata kama mmetenganishwa na barabara tu. Na anayekusanya saini lazima amsomee kila mtu maneno yaliyoandikwa juu ya karatasi, kabla hajasaini, na amwone kwa macho yake akisaini.

Mgombea wetu alichagua mlango wa pili. Alisimama kantini ya ghala, kofia mkononi, akawaambia wenzake: "Ada ningeweza kulipa. Lakini nataka niingie kwa majina yenu." Wakampigia makofi, kengele ikalia, wakarudi kazini.

Kamati iliundwa Garland, dukani kwa mzee mmoja wa Kizanzibari anayeuza mchele, mikeka na udi, na ambaye ni mwenyekiti wa kila kitu. Kuanzia siku hiyo mgombea hakuwa tena na jina. Alikuwa "Mheshimiwa". Saa kumi na moja alfajiri bado anapanga maboksi, lakini akiingia dukani watu wanasimama. Ikaundwa kamati ya mapishi, ya mapokezi, ya usafiri, na ya sare: kitenge cha buluu chenye nyota, kwa heshima ya Texas.

"Na kamati ya saini?" nikauliza.

Mzee akanitazama kwa huruma. "Hiyo ni wewe, Mwalimu. Karatasi ni mambo yako."

Siku ya hafla ya saini, Jumamosi mchana, ukumbi ukajaa hadi watu wakakaa madirishani. Walitoka Houston kwa msafara wa magari. Walitoka Fort Worth. Biriani ilikuwa ya mbuzi, na mama wa mapishi alikuwa ameanza tangu juzi yake. Kila mmoja alikuwa amevaa buluu. Wala sikumbuki harusi iliyopendeza kuliko ile. Kasoro yake ilikuwa moja tu: ukumbi ulikuwa Garland, wageni walitoka kila mahali, na eneo la uchaguzi lilikuwa Grand Prairie.

Niliweka meza mlangoni. Nikaanza kusoma maneno ya karatasi kwa Kiingereza, kwa sauti, kama sheria inavyotaka. Nilipomaliza, foleni nzima ikaitikia: "Amin!"

Shangazi mmoja wa Alief, mjane wa Kimombasa mwenye duka la vitambaa, akashika kalamu.

"Niandikie na mwanangu, yuko kazini. Na mkewe. Na yule mdogo."

"Shangazi, kila mtu anasaini mwenyewe."

"Tangu lini? Kwenye msiba mimi huandika jina langu 'na familia', na hakuna aliyewahi kunirudishia."

"Hii si ya msiba. Na wewe unakaa Alief, Shangazi. Alief ni Houston."

"Najua ni Houston! Nime-drive masaa manne kutoka huko, mgongo wote unaniuma. Sasa unanifukuza mlangoni?"

Nyuma yake bwana mmoja akapaza sauti: "Mwalimu, mimi bado nina grinikadi tu, lakini roho yangu ni raia kamili. Niandike!"

Watu wakacheka. Nikaanza kueleza tena, polepole, kama darasani. Foleni ikarefuka, harufu ya biriani ikaingia, na Mzee akaja kuniinamia sikioni.

"Usiwakwaze wageni, mwanangu. Waache wasaini. Kheri iko katika wingi."

Nami niliyefundisha sheria hii miaka nenda miaka rudi, nikawaacha wasaini. Sikutaka kuwa mtu anayeharibu sherehe. Nimegundua baadaye kwamba hiyo ndiyo sababu ya nusu ya makosa ya jamii yetu.

Mshereheshaji akatangaza kwenye kipaza sauti: "Mia sita na kumi na mbili!" Vigelegele vikapasua dari. Mgombea akasimama kushukuru, akajifuta macho kwa ncha ya kitenge cha nyota. Alikuwa ameamini.

Kesho yake, baada ya misa, nilikwenda kwake, humohumo Grand Prairie ninakokaa, na ramani na orodha ya wapiga kura. Tukakaa jikoni, yeye, mkewe na mimi. Nikaanza kukata. Alief, kata. Garland, kata. "Na familia", kata. Roho ya raia, kata. Mkewe alileta chai, ikapoa. Tulipofika mwisho zilikuwa zimebaki saini thelathini na tisa.

Nikatazama tena. "Thelathini na nane."

"Nani tena?" akauliza mkewe.

"Wewe, dada. Kwenye daftari bado unakaa kule kwenye nyumba yenu ya zamani."

Mgombea alicheka mpaka akashika meza. Halafu akatazama kalenda ukutani. Zilikuwa zimebaki siku ishirini na mbili.

Tulikwenda dukani kwa Mzee. Alisikiliza, akapunga mkono kama anayefukuza nzi.

"Jambo dogo hilo, Mheshimiwa. Tulipe ada yaishe. Mbuzi peke yao walizidi ada hiyo."

"Mzee wangu, nakuheshimu," mgombea akasema. "Lakini niliwaambia watu wa kantini nitaingia kwa majina yao. Halafu nikaja kuomba ya Alief. Wao sijawaomba hata mmoja."

"Wale Wameksiko? Kwani wanakujua?"

"Wananijua kuliko nyinyi. Nyinyi mnanijua nikiwa nimevaa sare."

Mzee akaanza kupanga upya pakiti za udi ambazo zilikuwa zimepangika.

Niliandika kwenye kundi la simu kwamba tunahitaji watu wa kutembea nyumba kwa nyumba. Majibu yalifurika. "Tuko pamoja, Mheshimiwa!" "Inshallah!" Ngumi, bendera, moto, mikono ya dua. Niliposema mahali na saa, simu ikapumzika. Aliyekuja ni mmoja: mama wa mapishi, ambaye yeye kweli anakaa Grand Prairie. Alikuja na beseni la sambusa, akaniungamia kwamba miaka tisa pale hajawahi kubisha mlango wa jirani hata mmoja.

"Nitasema nini, Mwalimu?"

"Sema unakaa wapi. Mengine nitasoma mimi."

Tulitembea kila alasiri, mgombea akitoka zamu na viatu vyake vyenye ncha za chuma, mimi nikitoka kwa wagonjwa wangu. Kijana wa Kimeksiko aliyeanguka kwa joto hakuwa raia, hakuweza kusaini, lakini alitangulia mbele kutuonyesha nyumba zenye mbwa wakali na nyumba za watu wa ghalani. Bibi mmoja alivaa miwani, akasoma karatasi nzima mwenyewe, akamuuliza mgombea maswali matatu kuhusu maji na mapumziko, akasaini, kisha akavuka barabara kwenda kumwamsha dada yake. Hakusema "Amin". Hakumwita mtu Mheshimiwa. Mama wa mapishi alirudi na beseni tupu na mialiko miwili ya chakula, akitembea kama aliyenunua mtaa.

Mkewe mgombea alibadilisha anwani yake, lakini daftari lina muda wake, na jina lake halikuwahi. Alitubebea chupa za maji siku zote hizo, akisema, "Mimi nimekatwa, lakini sijafa."

Jumatatu ya mwisho tulipeleka karatasi kwenye ofisi ya chama, saini mia tano sitini na moja, zile za ziada zikiwa kinga dhidi ya makosa. Mgombea alikaa akiwa ameweka mikono magotini kama anayesubiri daktari. Baadaye wiki hiyo simu ilimkuta juu ya foklifti. Jina lake limekubaliwa. Walioona wanasema aliteremka, akaingia kantini, akawaambia neno moja: "Mmeniingiza." Kengele ikalia, wakarudi kazini.

Kamati nayo haikulala. Siku hiyohiyo tangazo likatoka: *Kamati inawashukuru wote kwa juhudi zilizomwingiza Mheshimiwa wetu. Hafla ya shukrani, Jumapili, ukumbi wa Garland. Sare ni ileile.* Mgombea akajibu kwa adabu kwamba Jumapili yuko zamu. Wakamwekea kiti cha mbele, wakakifunika kitenge cha nyota, na Mzee akakihutubia kiti hicho dakika arobaini.

Mimi nilikwenda. Siwezi kusema uongo, biriani ile ina nguvu zake. Lakini safari hii niliweka meza yangu mbele ya sufuria, nikiwa na fungu la fomu za kujiandikisha kupiga kura. Kila aliye raia alipata fomu kabla ya sahani.

Shangazi wa Alief akafika, mgongo ukimuuma vilevile.

"Karatasi tena? Si ameshaingia?"

"Hii si yake, Shangazi. Hii ni yako, ya kwenu Alief. Huko nako kuna mbunge."

Akasimama. "Alief kuna mbunge?"

"Kuna."

"Nani?"

"Mimi wa Grand Prairie, Shangazi. Utaniambia wewe."

Alinitazama, akatazama sufuria, akavuta kiti. Akavaa miwani. Akaandika jina lake polepole, kalamu ikasita mwisho wa mstari kama inayotafuta wengine wa kuandika, kisha akaiweka chini. Aliandika jina moja tu.