Filimbi ya Lori la Kaka

Kaka yangu alipofariki aliacha lori la kubeba mawe ya kujenga kutoka timbo za Juja hadi Ruiru. Nikashika usukani mimi. Mkewe aliniomba jambo moja tu: lisibadilike sauti. Alizoea kulijua kwa filimbi ya turbo likikata kona ya Mwihoko, akafungua geti kabla halijafika.

Wiki chache baada ya mazishi, filimbi ikaanza kukwaruza. Nikalipeleka kwa fundi wake, Thika. Akaifungua turbo inayoisukumia injini hewa, akanionyesha feni ndogo inayozungushwa na moshi wa injini. Ncha za mapanga yake zilikuwa zimemeguka.

"Hii marehemu aliniambia nimfungie," akasema. "Ni ya titani iliyochanganywa na alumini. Nyepesi, inashika kasi mapema, lori linaruka. Lakini ukipanda mlima na mzigo inachoka na joto. Na kipande cha kutu kikiigonga, inavunjika kama kikombe."

Akaniwekea nyingine kiganjani, ya nikeli. Mkono ulishuka kidogo.

"Hii itavumilia. Ila itachelewa kuamka, na haitaimba vile."

"Hata kidogo?"

"Bro, unataka lori ama kwaya?"

Nilitaka vyote viwili. Lakini lori ndilo linalolisha nyumba ile. Nikachagua nikeli.

Siku ya kwanza kutoka timboni nilikanyaga mafuta, ukatoka moshi mweusi, lori likasita. Kisha nguvu ikaja polepole na haikukatika mpaka juu ya mlima. Sasa nakaa kwa gia ndogo muda mrefu kuliko alivyokaa kaka. Sijui kama angelipenda hivyo. Nadhani angelalamika.

Jioni ile nilikata kona ya Mwihoko na mngurumo mzito tu. Geti lilikuwa limefungwa. Sikupiga honi. Kaka hakuwahi kuzima injini ikiwa moto. Aliiacha iungurume taratibu hadi turbo ipoe, oili isiungulie ndani. Mimi pia nikakaa, mikono kwenye usukani, nikingoja.

Geti likafunguka kabla sijazima.

"Filimbi imeisha," nikamwambia shemeji.

"Nimesikia." Akavuta upande wa pili wa geti. "Nilidhani ni mgeni. Halafu nikaona hulizimi."

Nikaliingiza ndani.