Jina Lake Lilikuwa Mister

Katika kaunti yetu ya Alabama, Mzungu alimwita mwanamume mweusi "mvulana" hata kama ana wajukuu. Neno "mister", yaani bwana, walijiwekea wenyewe. Ndiyo maana mzee Gaines, aliyelima pamba kwenye shamba la watu, alipopata mtoto wa kiume alimpa neno hilohilo liwe jina. "Sasa wamwite," alisema siku ya ubatizo, na kanisa zima likacheka.

Mister Gaines alikua, akaenda vitani ng'ambo, akarudi mzima. Mwaka 1947 alikwenda mahakamani kujiandikisha kupiga kura. Karani, Mzungu, akamuuliza jina.

"Mister Gaines."

"Nimekuuliza jina, sijakuuliza unavyojiona."

"Ndilo alilonipa baba."

Jumapili iliyofuata alikutwa chini ya daraja, amekufa. Ilitangazwa kwamba ameuawa na watu wasiojulikana, na hao wasiojulikana wakaendelea kutuuzia unga na mafuta ya taa. Gazeti la mji, ambalo halikumwita mweusi yeyote bwana, lilikata neno la kwanza likachapisha "Gaines" tu.

Eula Mabry alizaliwa jirani na akina Gaines. Alisoma kaskazini hadi akapata shahada ya udaktari wa historia, na vyuo vikubwa vya huko vilimtaka abaki aandike juu ya viongozi na maandamano yao. Alirudi kwenye chuo chetu kidogo cha weusi, akaandika juu ya mahakama za vijijini na watu waliokufa kabla kamera za habari hazijafika. Wa kwanza aliyemwendea alikuwa Bi Arvella, mdogo wake Mister, aliyekuwa na miaka tisa kaka yake alipouawa.

"Kaa, binti, ila usikae bure. Menya maharage."

"Nimekuja na kinasa sauti, Bi Arvella."

"Kina mikono?"

Alimenya. Siku hiyo hakuambiwa kitu, wala safari kadhaa zilizofuata. Mwishowe Bi Arvella alisimulia yote, kisha akasema, "Sasa mimi nataka kitu kimoja. Jina lake liandikwe kama baba alivyolitoa. Na nilione kabla sijafa."

"Utaliona."

Mhariri wa kitabu chake, mtu mpole wa mji wa mbali, alifuta "Mister" kila ukurasa, kwa sababu kanuni yao haikuruhusu vyeo mbele ya majina. Dokta Mabry akarudisha neno kwa mkono wake. Walipokwenda kuchapa wakalifuta tena, na kitabu kikapata tuzo. Bi Arvella alikifunua kibarazani.

"Umemvua kofia."

"Wamemvua wao, Bi Arvella."

"Hapa jaladani pana jina la nani?"

Dokta Mabry tangu hapo alidai kibao cha kumbukumbu pale darajani, mkutano baada ya mkutano, hadi nywele zikawa nyeupe na idara yake ikafungwa, akabakizwa na darasa moja. Mwaka 2019 kaunti ilikubali. Mwenyekiti wa baraza la kaunti alikuwa mweusi mwenzetu, aliyepanda kwa kura ileile iliyomuua Mister.

"Dokta, vibao havina vyeo. Hata wewe ukifa hatukuandiki Dokta."

"Si cheo. Ni jina."

"Nimekusikia."

Kwetu "nimekusikia" si ahadi. Yeye alilijua hilo kuliko mtu yeyote, lakini alikuwa amechoka, akaamini.

Siku ya uzinduzi kwaya iliimba na kitambaa kikavutwa. Bi Arvella, kwenye kiti cha magurudumu, alikaza macho.

"Nisomee, binti. Macho yangu mabovu."

Dokta Mabry alikitazama kitambaa kilichoangukia majanini.

"Nisomee."

"Gaines."

"Gaines nani?"

Kwaya ilikatika sauti moja moja.

"Kifunikeni," Bi Arvella akasema.

Dokta Mabry akaokota kitambaa majanini. Mwenyekiti akamsogelea. "Dokta, wapiga picha wapo."

"Waache wapige," alisema, akakifunika kibao.

Wapo wanaosema tuliharibu sherehe kwa neno moja dogo. Waliomuua hawakuliona dogo. Na wenzetu tuliowapa viti wakikubali kulikata neno lilelile kwa kisingizio cha kanuni, basi kanuni hiyo ni ya wauaji, hata ikishikwa na mkono mweusi.

Kesho yake wafanyakazi wa kaunti walikifunua kibao. Kingali pale na lile jina nusu.

Bi Arvella alifariki kabla ya Krismasi. Dereva wa gari la maiti alitaka kupitia darajani, ndiyo njia fupi ya makaburini. Dokta Mabry, aliyekaa mbele kando yake, alimwonyesha barabara ya mzunguko, ya vumbi, nasi sote tukafuata nyuma polepole huku taa za magari zikiwaka mchana, kama ilivyo desturi yetu ya mazishi. Muhula uliofuata Dokta Mabry hakurudi kufundisha.