Ubao warudi sifuri, Sista Ernestine apiga kigelegele

MPANDA. Saa mbili kasoro asubuhi, Ernestine Nestori anasimama mlangoni mwa wodi ya wanawake, anautazama ubao mweupe na kucheka peke yake. Umeandikwa: *Siku 364 bila kuchanganya wagonjwa.* Bado moja tu mwaka utimie. Keki imeshaagizwa mtaa wa Kawajense.

"Jana usingizi haukuja kabisa. Mwaka mzima, nyie!" anasema.

Ernestine, 46, binti wa wakulima wa mahindi wa Mishamo, ndiye muuguzi anayesimamia ubora wa huduma na usalama wa wagonjwa katika hospitali moja mjini hapa. Wenzake wanamtania kwa kumwita polisi wa vitanda. Hajali hata kidogo.

Kazi hiyo ilizaliwa na kosa lake mwenyewe. Miaka kumi na tisa iliyopita, akiwa na sindano mkononi, alimuuliza mgonjwa: "Wewe ni Hana Malale?" Mama akaitikia kwa kichwa, akachomwa. Kumbe alikuwa Hana Masunga, na dawa ilikuwa ya jirani yake. Alivimba uso, madaktari wakahangaika siku mbili kutafuta sababu. Bahati nzuri, alipona.

"Baadaye nikamuuliza, mama, mbona hukukataa? Akasema, 'Hana si ndiyo mimi? Ningekataa ungetaka jina la pili, na Masunga ni baba mkwe wangu. Sisi Wasukuma mkwe hatumtaji.' Nililia, jamani."

Ndiyo maana wodini kwake ni marufuku kumuuliza mtu "wewe ni fulani?" Mgonjwa hutaja mwenyewe jina lake la kwanza, kijiji chake na mama aliyemzaa, muuguzi akilinganisha na utepe wa mkononi. Ukiruka maswali hayo, hata kama sindano haijachoma, ubao unarudi sifuri. Mwaka wa kwanza ulirudi mara kumi na moja.

Saa tatu na robo, Raya Abdillah, muuguzi mwenye miezi saba kazini, anatoka wodini na bomba la sindano lililojaa.

"Sista, nimeruka maswali. Nilishamshika mkono ndiyo nikaona utepe. Siye."

"Umemchoma?"

"Hapana."

"Nani amekuona?"

"Hakuna."

Patrick, kiongozi wa zamu, anamvuta Ernestine pembeni. Wakaguzi wa mkoa wanafika kesho. "Sista, si hajachomwa? Tuuache ubao mpaka waondoke."

Ernestine anautazama ubao. Uso unamshuka, tusidanganyane. Kisha anachukua kitambaa, anafuta, anaandika 0, na kupiga kigelegele ambacho kinamama wanakiitikia vitandani bila hata kujua kuna nini.

"Hakuna aliyemwona, na amesema!" anamwambia Patrick, machozi yakimtoka. "Zile siku mbili madaktari wanahangaika na Hana, mimi nilikuwa najua. Niliogopa kufukuzwa, nikanyamaza."

Keki haikusubiri kesho, ililetwa siku hiyohiyo. Raya ndiye aliyeikata, huku Patrick akidai kipande cha pili.

Mwezi ujao Ernestine anapeleka utaratibu huu kwenye zahanati za Mishamo alikokulia, na anataka Raya ndiye akafundishe. Kuhusu wakaguzi, hana wasiwasi.

"Waje. Watakuta moja ubaoni," anasema, akiiweka kalamu ya ubao kwenye mfuko wa sare ya Raya. "Na huyu ndiye atakayeiandika."