Chini ya Dirisha la Mwisho

Mzee mwenyekiti wa kamati ya shule alisimama mlangoni mwa bweni la wasichana, fimbo yake ameikingamisha mlangoni. Askari wa zimamoto aliyetoka mjini Mbulu alikuwa bado nje na karatasi yake tupu. Shikamoo ilikuwa imetolewa na kuitikiwa vizuri. Baada ya hapo hapakuwa na jema.

"Nataka kuchora tu, mzee. Mlango, madirisha, vitanda vilivyopangwa. Moto ukitokea, wenzangu wajue pa kuingilia."

"Mgeni haonyeshwi ndani ya boma," mzee akasema. "Leo unayo wewe hiyo karatasi, kesho anayo mwizi."

Huku upande wa Dongobesh maneno hayo si utani. Wazee wamekua wakisimuliwa habari za wezi wa ng'ombe na za nyumba zilizojengwa ardhini zisionekane. Nililijua hilo, na bado damu ilinichemka. Mimi ni mwalimu, na ndimi matroni. Nalala na watoto wale, chumba cha pembeni, ndani ya jengo lenye mlango mmoja na madirisha ya nondo. Umeme ukikatika wanawasha mishumaa kwa siri, nami naamka kunusa hewa.

Askari akaanza kukunja karatasi. Akiondoka, nilijua, ndiyo basi tena.

"Mzee, mjukuu wako analala wapi humu?"

"Kitanda cha mwisho, chini."

"Huyu askari hajui njia ya kufika hapo," nikasema.

Nikavua mtandio wangu, nikamfunga askari macho; hata ruhusa sikuomba. Mjukuu wa mzee nikamtuma akalale kitandani kwake, asitoe sauti.

"Moto umewaka," nikamwambia askari. "Mtoto yuko ndani. Mtoe."

Mzee akashusha fimbo, nadhani kwa mshangao. Askari akaingia. Wasichana waliojazana madirishani wakacheka alipojigonga kwenye kitanda cha kwanza. Akapapasa cha pili, akakwama kati ya masanduku, akageuka kurudi alikotoka akidhani anakwenda mbele. Kicheko kikakoma. Mtoto alilala kimya kama nilivyomwambia. Mzee alikuwa akihema, nami nikaogopa kwamba nimevuka mpaka. Mwishowe askari akaufikia ukuta wa nyuma, akashika nondo za dirisha, akazitikisa.

"Piga teke!" mzee akapaza sauti. "Chini ya hilo dirisha! Piga!"

Askari akapiga. Lipu ikapasuka, matofali yakamwagikia nje, mwanga ukaingia kwenye tundu la kumtosha mtu kutambaa. Matofali ya pale yalishikizwa kwa udongo mtupu, bila saruji, kisha yakapigwa lipu na chokaa kama ukuta wote. Wazazi walipojenga bweni, kona ile aliisimamia mzee mwenyewe, akaijenga kama nyumba za babu zake: na njia ya kutokea asiyoijua adui.

Mjukuu wake akatoka kwa magoti, vumbi kichwa kizima. Mzee akamwambia askari achore.

Mimi nikaingia, nikakaa kitandani. Nilikuwa na hasira, na nilikuwa na hofu ya kila usiku uliopita. Muda wote huo nimelala na watoto wa watu nikijua mlango ni mmoja.

"Mbona hukuniambia, mzee?"

Aliangalia matofali, hakuniangalia mimi.

"Nilidhani utahama na siri yetu, mwalimu. Wenzako wote walihama."