Kadi Nyeupe za Rafu ya Kihaya

Aristides Karugendo alikuwa karani wa maktaba mjini Bukoba kwa miaka kumi na mmoja, na huruma yake ndiyo iliyomponza. Jambo hili linaudhi, basi bora lisemwe mapema.

Kanuni ilitaka kitabu kirudi baada ya siku kumi na nne. Lakini mkulima wa Kimwani angepata wapi nafasi ya kupanda basi kila wiki mbili? Kwa hiyo Aristides aliwapa watu wa mbali vitabu bila kugonga mhuri wa tarehe kwenye kadi, wasije wakahesabiwa wamechelewa. Vyote vilirudi. Vitabu vya Kihaya, walivyoviazima kuliko vyote, vilichakaa kwa kusomwa, huku kadi zake zikibaki nyeupe pe.

Mwaka 1973 ukaja waraka: vitabu vipya vya elimu ya watu wazima havina pa kukaa, kwa hiyo kila kitabu cha zamani kisichoazimwa kwa miaka mitano kiondolewe. Akaletwa afisa, Bwana Saburi, mtu mpole, akawa anapitia kadi moja moja. Walipofika rafu ya Kihaya, Aristides alisema hivi ndivyo vinavyosomwa kuliko vyote.

“Nionyeshe mhuri mmoja tu, mzee,” Saburi akasema, “nami nitaviacha.”

Angeweza kukiri. Lakini kukiri ni kufukuzwa kazi, na nyumbani ana watoto sita. Akajichukia. Kisha akafanya kazi aliyoagizwa: akang'oa kadi, akafuta namba daftarini kwa wino mwekundu, akachana majalada, akajaza magunia. Vikachomwa nyuma ya jengo, na kiberiti alikiwasha yeye.

Alhamisi iliyofuata akaja Celina wa Kimwani, anayewasomea wanawake wenzake hadithi za kale za Kihaya wakichambua kahawa. Alirudisha kitabu cha kwanza cha hadithi hizo, kimefungwa vizuri kwa majani makavu ya mgomba.

“Waitu, mzee wangu, sasa nipe cha pili. Tumeishia pabaya.”

Aristides akamwambia kimeazimwa.

“Na nani?”

“Na mtu wa Ijuganyondo.”

Celina akafurahi kusikia kuwa na wengine wanakisoma. Alisema atarudi baada ya mavuno, ila aandikwe yeye ndiye anayefuata. Aristides akachukua karatasi, akaandika jina lake na kijiji chake polepole, naye Celina akainama juu ya meza kuhakikisha hajakosea hata herufi moja.